Mkebe wa Pili

Maji yachemke kwanza. Vuguvugu halifai:
nta iliyozeeka haibembelezwi.
Ndoo moja, sabuni ya mche iliyoparuzwa kwa kisu,
amonia vijiko vinane, madirisha yote wazi,
hata lile la upande wa ziwa, linaloning'inia kwa bawaba moja.

Nimepiga magoti pale mama alipokuwa akipiga.
Miezi saba tangu tumzike,
na goti langu la kushoto limeshaanza kunishtaki.
Mmbone ananiambia, "Kisia, usijifungie konani."
Yeye anajua. Yeye ndiye aliyerithi brashi.

Vigae hivi baba alivipata kwa fundi wa bandarini,
masalio ya ofisi, vyekundu na vya kijivu,
mia mbili na kumi na viwili, vikampungukia.
Ndiyo maana nakshi inakwenda vizuri, nyekundu, kijivu, nyekundu,
kisha mbele ya chumba cha kulala inababaika
kama mtu aliyesahau alilokuja kusema.

Kila Jumamosi mama alipaka. Hakukwangua hata mara moja.
Nta juu ya nta, Jumamosi juu ya Jumamosi.
Kisha alikunja blanketi la kijivu,
akamketisha mdogo wetu juu yake,
akamburuta sebule nzima, huku na huko,
kwani kilo kumi na mbili za mtoto anayecheka
hung'arisha kuliko mkono.
Sote tulipata zamu ya kuwa uzito.
Siku niliyoambiwa nimezidi
nilikwenda kulia nyuma ya tangi.

Sasa namwaga. Nasubiri. Povu linageuka chai.
Kisu kinaingia chini yake
na nta inakunjamana, ya manjano,
kama utando wa maziwa.
Ndani yake: bawa la sami,
wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi
na kuifuata taa hadi iwaue.
Uzi wa sare ya shule. Unywele. Punje ya mtama.
Mashimo manne ya miguu ya kiti cha baba:
hayo hayatoki, yamo kwenye kigae chenyewe.

Penye kukanyagwa sana nta ni hafifu.
Kutoka jikoni hadi mezani kuna njia;
ukiipapasa kwa kiganja unaujua mwendo wake.
Lakini kando ya kabati
nilikuta nta nene kama ukucha wa kidole gumba.
Nikamwagia mara ya pili, mara ya tatu.
Nilijua kabla sijaona.

Jiko. Mwaka wa mvua nyingi, nina miaka tisa,
nimekatazwa kuliingiza ndani, nimeliingiza.
Kaa tatu zikadondoka, vigae vikalia, tss.
Mama hakunipiga. Alitazama mlango,
akatazama saa, akachukua mkebe.
"Baba yako asijue," alisema, akapaka.
Akapaka miaka thelathini na moja.

Na haya hapa: macho matatu meusi
yananitazama kama ya jana.

Fimbo ya baba iligonga kizingiti.
Haoni vizuri siku hizi, lakini alinusa amonia,
akaja akipapasa ukuta, akasimama
hapo hapo, bila kuongozwa.
Ncha ya fimbo ikatafuta doa la kwanza, la pili, la tatu.

"Mama yako alikuwa akimaliza mkebe kwa mwezi.
Jirani, mkebe mmoja ulimfikisha miezi mitatu.
Mwenye duka akaniuliza kama sisi tunapaka mkate."
Akakohoa. "Nikawa nanunua miwili."

Mmbone aliacha kusugua.
Nje mwuza omena aliita, akapita.
Nilitaka kuuliza tangu lini. Baba alikuwa ameshageuka,
soksi zake zikiacha nyayo kwenye maji machafu.

"Suuza mara mbili," alisema toka barazani.
"Ukipaka kabla haijakauka itafanya ukungu.
Mkebe uko chini ya kitanda."

Mmbone akaenda kuuchukua. Akakawia.
Alirudi kinyumenyume, ameinama,
akiliburuta lile blanketi la kijivu,
na juu yake mikebe kumi na minne, haijafunguliwa.